Sonona Ikirudi: Vidonge, Mazungumzo au Kisomo? Ulinganisho kwa Walioko Unguja na Pemba

Dada yangu anaishi Wete, Pemba, na mkononi hakosi ukili, ule msuko wa majani ya mkindu wa kushonea mikeka. Anasuka huku chungu kikichemka, anasuka akizungumza na wageni, anasuka akingoja adhana ya magharibi. Alipougua sonona mara ya tatu, kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia ndani ni ule ukili umetundikwa msumarini nyuma ya mlango, chane zimekauka hadi zinapasuka ukizikunja. Mgeni angepita asilione hilo. Mimi nilikaa kitandani kwake nikamuuliza, "Dada, imerudi?" Akaitikia kwa kichwa tu.

Mara ya kwanza ilimpata baada ya kuzaa. Ya pili ilikuja baada ya talaka. Ya tatu haikuwa na sababu tuliyoweza kuionesha: watoto wameshakua, karafuu zimeuzwa, msiba hakuna. Hapo ndipo jamaa walipochanganyikiwa, kwa sababu sisi tumezoea kuuliza "kasibiwa na nini?" na jibu likikosekana tunakimbilia husda au jini. Kumbe sonona inayojirudia ndivyo ilivyo. Mara za mwanzo huwa inangoja tukio zito. Kadiri inavyorudi, inahitaji kichocheo kidogo zaidi, na mwisho inaweza kuja bila kuitwa na kitu.

Nimekaa na ugonjwa huu karibu yake kwa miaka, nimeuliza madaktari na manesi mpaka wakanizoea, na swali ninaloulizwa sana na watu wa nyumbani ni hili: kipi bora, vidonge, kuzungumza na mnasihi, au kisomo, yaani kusomewa Qurani na dua? Nitavilinganisha, lakini nianze na jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Aliyeugua mara moja anachagua kitu cha kumuinua pale alipo. Aliyeugua mara mbili au tatu anachagua kitu atakachokaa nacho miaka, tena sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa mzima, anacheka, anakwenda harusini. Vipimo vya uchaguzi huo ni tofauti kabisa.

Kwanza ujue unachagulia nini

Huzuni ya msiba inauma, lakini ina nafasi ndani yake. Mfiwa anaweza kutabasamu mjukuu akimrukia, na chai bado ina ladha. Sonona inaziba nafasi hizo. Hukaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi: moyo mzito au kukosa hamu ya kila kitu, na pamoja nayo usingizi kuharibika, kula kupungua au kuzidi, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kushika jambo, mwendo na maneno kuwa mazito, kujilaumu kwa mambo yasiyo na lawama, na mawazo ya kifo.

Huku visiwani wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa, tumbo linalowaka, moyo kwenda mbio, mgongo. Dada yangu mara ya kwanza alirudishwa nyumbani mara nne na panadoli na vidonge vya vitamini, na hakuna aliyemuuliza analalaje. Kwa wanaume ugonjwa mara nyingi huvaa sura ya hasira, ukimya, kuacha kwenda baharini, au pombe. Mke anasema "mume wangu kabadilika tabia", na maradhi yanapita bila kutajwa.

Inaitwa ya kujirudia pale mtu alipopata vipindi viwili au zaidi, na baina yake miezi kadhaa ya uzima. Makadirio wanayoyataja sana madaktari ni haya: kati ya watu 10 waliougua mara moja, kama 5 hurudiwa, waliougua mara mbili, kama 7, mara tatu, kama 9. Sikuweka nambari hizi kumtisha mtu. Nimeziweka kwa sababu ndizo zinazofanya swali la "nitumie muda gani?" liwe zito kuliko swali la "nitumie nini?"

Sababu hazikai peke yake. Kuna kurithi: ikiwa mama au khaloo aliugua, uwezekano unapanda. Kuna utoto wa mateso, kufiwa na mzazi mapema, ndoa ya vipigo, deni, upweke. Kuna uzazi. Na kuna maradhi ya mwili yanayoleta sura ile ile, kama upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo mno, ndiyo maana kipimo cha damu si usumbufu. Kubwa kuliko yote kwa anayerudiwa ni mabaki: mtu aliyepona nusu, bado halali vizuri, bado hamu haijarudi sawasawa, huyo ndiye anayerudiwa haraka.

Kabla ya kidonge chochote, kuna swali moja lazima liulizwe: je, umewahi kupitisha siku kadhaa ukiwa na nguvu kupita kiasi, hulali na huchoki, maneno mengi, pesa zinatoka ovyo, mipango mikubwa mikubwa? Kama ndiyo, huenda si sonona peke yake bali ni ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, na hapo dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mtu juu. Daktari asipouliza, mwambie mwenyewe.

Vidonge na mazungumzo, ana kwa ana

Kwa mazungumzo sikusudii nasaha za barazani za "vumilia, kila mtu ana yake". Nakusudia vikao vilivyopangwa na mtu aliyefundishwa, mara nyingi kila wiki, kuanzia vichache hadi kufikia 20, ambamo mnayachukua mawazo kama "mimi ni mzigo kwa watu" na kuyapima, na ambamo mambo madogo ya maisha yanarudishwa moja moja. Mnasihi wa dada hakumwambia achangamke. Alimwambia aloweshe chane na asuke shibiri moja tu kwa siku, hamu iwepo isiwepo. Siku tatu za mwanzo alisuka huku analia. Wiki ya pili alisuka shibiri mbili bila kuambiwa. Nilijifunza hapo kwamba kwa mgonjwa wa sonona hamu haitangulii kazi, huifuata.

Kwa kasi, havipishani sana. Vidonge huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na nguvu yake kamili huchukua wiki sita au zaidi. Mazungumzo nayo huchukua wiki kadhaa. Anayekuahidi nafuu kesho, kwa kimoja au kingine, anakudanganya.

Kwa ugonjwa mwepesi, mazungumzo peke yake mara nyingi yanatosha na ndiyo ya kuanza nayo. Kwa mzito, yule asiyeoga, asiyekula, asiyeweza hata kukaa akasikiliza sentensi mbili, kidonge hakikwepeki, kwa sababu mazungumzo yanahitaji akili inayoweza kushika neno. Kwa anayerudiwa, viwili kwa pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja.

Tofauti kubwa inaonekana baada ya kumaliza. Kidonge kinakinga muda unaokitumia. Ukikiacha, kinga inaondoka nacho. Mazungumzo yaliyofanywa vizuri huacha kitu nyuma: mtu anabaki anajua wazo lake la kwanza baya linafananaje na afanye nini siku hiyo. Kwa waliougua mara tatu au zaidi kuna mafunzo ya wiki nane ya kuutambua moyo unavyokwenda bila kuburutwa nao, na majaribio nchini Uingereza yameonesha kuwa kwa kuzuia kurudi yanakaribiana na kuendelea na vidonge.

Basi kwa nini nisiseme wote waende mazungumzoni? Kwa sababu hapa wanasihi waliosomea ni wachache, na kutoka Micheweni kila wiki kwenda na kurudi ni nauli na kutwa nzima ya kazi. Yapo matumaini, nayo hayakutoka mbali. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jengine. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa 2016 yalionesha waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazimbabwe wanayaita maradhi haya kufungisisa, kufikiri mno, neno ambalo hata bibi yangu angelielewa mara moja. Fikra hiyo ya benchi imeshafika Zanzibar pia, kwa hiyo ukifika kituoni uliza kama kuna anayefanya kazi hiyo.

Rai yangu: ukiwa mara ya tatu, tafuta vyote viwili. Kama kimoja tu ndicho kinachokufikia, shika kile unachoweza kukipata kila mwezi bila kukosa.

Fluoksetini na amitriptilini

Dawa mbili utakazokutana nazo sana ni hizi, na zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kuinua moyo hazipitani sana. Zinapitana katika namna zinavyokaa na maisha yako.

Fluoksetini humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi, kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Siku za mwanzo huleta kichefuchefu, kichwa na wahka, kisha mengi hupungua. Inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo ukisahau siku moja hukutikisiki sana. Tatizo lake linalofichwa ni kupunguza hamu ya tendo la ndoa au kuchelewesha kufika. Watu wanaacha dawa kimya kimya kwa sababu hii, mume hajui, daktari hajui, na miezi mitatu baadaye ugonjwa umerudi. Kama unaona haya kusema, andika kwenye karatasi umpe daktari. Dozi au dawa inaweza kubadilishwa.

Amitriptilini humezwa usiku, huleta usingizi, na kwa yule anayekodoa macho dari saa tisa za usiku hilo ni neema. Lakini inakausha mdomo, inafunga choo, inaongeza uzito, na ukiinuka ghafla kizunguzungu kinakuangusha. Kwa mzee anayeamka kwenda chooni usiku hiyo ni hatari kweli. Haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, wala mzee mwenye shida ya kukojoa, mpaka daktari aamue. Na hili nalisema kwa uzito: ikimezwa nyingi kwa pamoja inaweza kusimamisha moyo. Nyumba yenye mtu anayewaza kifo, au yenye watoto wadogo, isiweke boksi zima mezani. Akae nayo ndugu, atoe ya siku.

Ramadhani inazitenganisha vizuri zaidi. Fluoksetini inahamishika kwenda daku au futari bila shida kubwa. Amitriptilini huchukuliwa baada ya tarawehe, ila angalia usije ukalala ukapitwa na daku, na ule ukavu wa mdomo saa tisa za mchana ni mtihani. Zungumza na daktari mwezi wa Shaabani, msingoje mwandamo. Na mgonjwa ambaye daktari amemwambia asifunge ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Sonona nzito ni ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa.

Walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla dawa haijashika. Mjamzito au anayenyonyesha aseme mapema, na asikate dawa mwenyewe kwa hofu.

Kisomo na hospitali

Nimezaliwa katika nyumba ya kusoma, na sitomwambia mtu asisomewe. Dada yangu alisomewa, alikunywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, na yale maandishi ya zafarani yalivyokuwa yakiyeyuka kwenye sahani, uso wake ulitulia kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Dua inampa mtu matumaini, inamkusanyia watu chumbani, inamwambia hakutupwa. Upweke ni sehemu kubwa ya ugonjwa huu, na kisomo kinaugusa upweke huo kuliko kidonge.

Ila kisomo hakizuii kurudi. Mara ya pili mwanzoni alisomewa tu, akapata nafuu, tukasherehekea, kisha hali ikarudi. Na kuna mambo nikiyaona kwa mtibabu yeyote namchukua ndugu yangu naondoka: akikataza dawa za hospitali, akipiga, akifunga kamba, akitoa vya kunywa asivyotaja ni nini, au akimtaja jirani kuwa ndiye mchawi. Maalim aliyemsomea dada mara ya tatu aliuliza kwanza, "Hospitali mmefika?" Tulipomwambia bado, akasema twende kesho asubuhi kisha turudi kwake jioni. Mtafuteni maalim wa namna hiyo, wapo.

Kuacha au kuendelea, pale unapojiona mzima

Huu ndio uchaguzi wenyewe, na ndio tuliokosea. Mara ya pili, hatimaye akiwa kwenye dawa, mwezi wa nne dada alikuwa anacheka, anapika, anasuka. Majirani wakamwambia, "Madawa hayo utayazoea, acha." Akaacha siku moja, ghafla. Nami sikumzuia. Ilichukua miezi kadhaa, ikarudi kidogo kidogo, nasi tukadhani ni uchovu.

Linganisha basi. Kwa kipindi cha kwanza, ushauri wa kawaida ni kuendelea miezi 6 hadi 12 baada ya kupona, yaani hesabu inaanza siku ulipokuwa mzima, si siku ulipomeza kidonge cha kwanza. Kwa anayerudiwa, ni miaka 2 au zaidi, na wengine muda mrefu zaidi kwa makubaliano na daktari. Anayeendelea anapunguza uwezekano wa kurudiwa kwa kiasi cha nusu au hata zaidi. Anayeacha anapata nafuu ya madhara madogo madogo, na hiyo si kitu cha kudharau. Lakini ajue anachokiweka upande wa pili wa mizani.

Dawa hizi hazileti uchu kama unga wa kulevya. Hutomuona mtu anaiba ili anunue fluoksetini. Mwili hata hivyo unazizoea, na ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, ndoto kali, kichefuchefu, hasira na hisia kama shoti ya umeme kichwani. Kwa hiyo huachwa kwa kupunguza taratibu, wiki kadhaa au miezi, daktari akijua. Wakati wa kuacha nao una maana: si mwezi wa msiba, si mwezi wa kujifungua, si wiki ya kuhamia nyumba ya mume mpya.

Na ukiwa Pemba, weka akiba ya wiki mbili. Dawa huisha kituoni, bahari huchafuka, meli haiji.

Kila mtu ana alama zake za mwanzo, na zinajulikana na walio karibu kuliko na daktari. Za dada ni tatu: kuamka saa tisa usiku na kutorudi usingizini, chakula kukosa chumvi kwa sababu haonji tena, na ukili kutundikwa. Tumeziandika kwenye karatasi. Mbili zikijitokeza kwa wiki nzima, tunakwenda, hatungoji ya tatu. Kituoni wanaweza pia kukupa dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, lenye alama 0 hadi 27. Kulijaza kila mwezi kunaonesha mteremko kabla haujauhisi.

Pa kwenda

Pemba, anzia hospitali ya Wete, ya Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani. Unguja kuna Mnazi Mmoja, Kivunge kwa kaskazini na Makunduchi kwa kusini. Kidongo Chekundu ndiyo hospitali ya maradhi ya akili, na najua jina hilo limefanywa tusi tangu tukiwa skuli. Watu wanakwenda pale, wanapata dawa yao, wanarudi nyumbani kupika. Wengi wenye sonona hawahitaji kulazwa kabisa.

Na hili ni la haraka: mtu akisema "natamani nilale nisiamke", muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi wanalificha kwa sababu wanajua ni dhambi, na dhambi hiyo ya kuwaza ndiyo inawazidishia mzigo. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, ondoa vidonge, kamba na sumu za shamba, na mfike hospitali usiku huo huo.

Dada yuko mwaka wa pili sasa. Kidonge anameza asubuhi na chai, mnasihi anamuona mara moja kwa mwezi, na baada ya alfajiri anasoma nyiradi zake kama zamani. Mimi humpigia kila Ijumaa, na badala ya kumuuliza hali namuuliza ukili umefika wapi. Ijumaa iliyopita ulikuwa pima ya kumi na mbili.